Pesa ilitoka Muscat ikaishia Tandika

Mamdogo alirudi kutoka Muscat, Oman, mwezi wa kumi na moja 2018 na kibegi cha mgongoni, kile cha mtoto wa shule, ndani mna madera mawili, chaja ya simu, kopo la maziwa ya unga alomletea mwanae na karatasi za hospitali zimeandikwa kiarabu. Basi. Sisi tulikua tumekodi Noah ya jirani kwenda airpoti kumpokea maana tulijua ana mizigo, mama alishasogeza makochi sebuleni kuacha nafasi ya friji, na wakati wa kurudi mi nilikaa siti ya nyuma kabisa nikawa naangalia ile sehemu ya mizigo ilivyo tupu. Hakuna alieongea kutoka airpoti mpaka kwetu Tandika, Dar.

Mtaani wanasubiri. Mtaa ukishajua kuna mtu anatoka Uarabuni hata ambae hamsalimiani anakuja. Jirani mmoja akauliza mbele yake mwenyewe, "mizigo inakuja na meli eeh?" mama akasema ndio, inakuja na meli. Huo uongo tulikaa nao karibu mwaka mzima, mtu akiuliza meli imefika tunasema bado, forodha wanasumbua, na mamdogo yuko chumbani kajifunika shuka mchana kweupe anasikia kila kitu.

Naandika leo kwa sababu ya simu niliyopiga Jumapili, nitaifikia, ila siwezi kuanzia hapo maana hutoelewa kwa nini nilishuka kwenye daladala nalia. Na mamdogo kanipa ruhusa, kasema andika ila jina langu usiweke, na la yule dada wa kazi pia usiweke. Kwa hiyo majina hamna.

Kwetu sisi wanawake kuondoka hakukuanza na Muscat. Bibi yangu alitoka Newala 1974 ana miaka 19 na mimba ya mjomba tumboni, kamfata mume aliekua kibarua bandarini. Wakati huo Rufiji haina daraja, Daraja la Mkapa limekuja kufunguliwa 2003, mnavuka na pantoni na ikiwa masika mnaweza kulala hata siku tatu ng'ambo mnasubiri maji yapungue. Alikua anatusimulia wanawake walivyolala na watoto chini ya basi, alie na unga anapika uji wa wote, hamjuani ila mnakula sufuria moja. Alivyofika mjini akamkuta mume ana mwanamke mwingine, nauli ya kurudi hana, akaanza kuuza vitumbua. Alivyokua ananihadithia hii alikua hata hasikitiki, alikua anasikitika akifika 1983.

Maana 1983 ikaja Nguvu Kazi. Kwa wasioijua, serikali ilipitisha sheria kila mtu afanye kazi, na ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori unarudishwa kijijini au unapelekwa mashambani, na vitumbua havikuhesabika kama kazi. Bibi alijificha chini ya kitanda cha jirani yake, mama wa Kizaramo, mwenyeji kabisa wa huku, mumewe ana kitambulisho cha kiwanda so hawamgusi. Wiki mbili. Usiku wa manane bibi anatoka anakaanga, asubuhi jirani anabeba beseni kwenda kumuuzia, jioni anamletea hela yote bila kutoa hata senti. Sasa huo mwaka huohuo wa 1983 ndo Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi, na ilistahili kabisa, nchi hii iliwapa mashamba Warundi waliokimbia 1972 na 2014 ikaja kuwapa uraia watu kama 162,000, wao na watoto na wajukuu waliozaliwa humuhumu. Sijui kama mnanielewa ninachokiona hapo. Mwaka mmoja, nchi moja, aliekimbia vita anapokelewa mpaka dunia inatupa tuzo, na mwanamke wa Newala analala chini ya kitanda Temeke kwa sababu kaja mjini kutafuta. Kwa hiyo mi mtu akiniambia Watanzania hatujui kupokea watu namkatalia, tunajua sana, hata yule mama wa Kizaramo alijua bila kufundishwa na mtu.

Turudi kwa mamdogo. Yeye ndo kitinda mimba wa bibi, kazaliwa 1988, mama yangu kampita miaka 13. Baba wa mtoto wake alikua kondakta, siku moja akaenda kazini hakurudi, sio kwamba alikufa, alikua anaonekana tu Mbagala. (Na katika haya yote nitakayosimulia hakuna hata siku moja mtu yeyote alieuliza huyo baba anachangia nini, mimi mwenyewe sikuuliza.) Alikua anauza mitumba, mtaji ukakata, akatokea mama mmoja anaepeleka wasichana Uarabuni. Tukimuita ejenti ila ofisi hana, tulikua tunakutana nae kwenye mgahawa Kariakoo. Pasipoti, picha, vipimo, tiketi, vyote yeye analipa, mshahara riyali 80 na kazi ni kulea watoto wawili tu. Mkataba ukaletwa umeandikwa kiarabu. Mamdogo kiarabu chake ni cha kusoma Kuruani, sio cha mkataba, akasaini. Pale mezani tulikua watu wanne na mi nilikua na miaka 20, nimemaliza fomu sita, nakunywa soda, na hakuna aliesema ngoja kwanza tumpelekee ustadhi atusomee, wakati ustadhi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Bibi peke yake ndo aliuliza kitu usiku ule. "Unakwenda kwa nani?" Wote tukamjibu anaenda Oman, bibi, Oman. Kumbe yeye hakuuliza wapi.

Ilikua mwezi wa nane 2015. Mtaa ulichanga, tukapika pilau, kila mtu anampa namba ya simu na oda yake, dhahabu, mablanketi, udi.

Kule ikawa nyumba ya ghorofa tatu, watu 11, wale watoto wawili wakawa sita. Anaamka saa kumi alfajiri analala saa sita usiku au saa saba, na Ijumaa akimaliza pale anapelekwa kusafisha nyumba ya dada yake bosi, hiyo hailipwi. Pasipoti bosi alishaichukua palepale airpoti. Riyali 80 ikawa 60. Simu za WhatsApp kule zilikua hazipiti kwa hiyo ni voisi tu, alikua anajirekodi bafuni kafungulia maji ili wasimsikie, ndo maana voisi zake zote za miaka mitatu zina sauti ya maji, mwanzoni tulidhani ni mtandao.

Ule utaratibu wao unaitwa kafala. Miaka ile viza yako ilikua imefungwa kwa bosi, ndo kafili wako, kuhama kazi bila yeye ulikua huwezi, na ukitoka getini bila ruhusa anaripoti umetoroka na kosa linakua lako wewe. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliandika wazi kabisa kwamba wafanyakazi wa ndani haiwahusu. Novemba 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirates, waliongea na wanawake waliokwisha rudi, na ni yaleyale, pasipoti kuchukuliwa, mshahara kukatwa au kutolipwa, wengine kupigwa, wengine kushikwashikwa na wanaume wa nyumba, kazi mpaka saa 21 kwa siku. Niliisoma kwenye simu niko kwenye foleni ya benki, nikatafsiri mistari kama miwili nikamtumia. Akajibu usiku, voisi ya sekunde nne. "Kumbe tuko wengi."

Naomba niseme pia kwamba sio kila alieenda aliteseka. Kuna mama mtaa wa nyuma kajenga Chamazi kwa pesa ya Oman, bosi wake alimpeleka mpaka Umra, na wakati wa msiba wa baba yake walimkatia tiketi kwenda na kurudi. Nasema kwa sababu ukisimulia ya mamdogo kuna mtu lazima atatoa ya huyu mama ili unyamaze, na ukisimulia ya huyu mama wengine watasema mnadanganya mabinti. Zote ni za kweli. Ninachoumia ni kwamba kulala, kulipwa, kushika pasipoti yako mwenyewe, vitu hivyo vinategemea umeangukia nyumba gani.

Sasa hapa ndo pagumu kwangu.

Mtoto wa mamdogo alibaki kwetu ana miaka mitatu. Mama anauza genge, mi naanza chuo, bibi macho yameanza kuisha. Nani anakaa na mtoto? Mama akachukua sehemu ya pesa ya Muscat akatafuta dada wa kazi. Alikuja Januari 2016 na basi la Singida, nikaenda kumpokea Ubungo, stendi ya Mbezi ilikua bado. Ana miaka 18, kafuko ka nailoni, anaogopa kuvuka barabara. Alifukuzwa shule kidato cha pili kwa ujauzito, na miaka ile ukishapata mimba shule ndo imeisha, ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua imekuja kutangazwa Novemba 2021. Kamuacha binti yake wa mwaka na nusu Iramba kwa bibi yake. Yeye mwenyewe hakutuambia kama ana mtoto mpaka miezi mitatu ikapita, aliogopa tutamrudisha, tulijua siku mtoto wetu alipoumwa homa na yeye akalia kuliko sisi.

Naomba mnifatilie hizi pesa taratibu. Mamdogo anapata riyali 60, wakati ule kama laki tatu na kidogo. Anatutumia laki mbili. Mama anatoa elfu 40 ya dada, na kima cha chini cha serikali cha 2013 kwa mfanyakazi wa ndani anaelala kwako kilikua hiyohiyo 40,000, so mama alikua na amani kabisa kwamba anatenda haki. Dada anatuma Iramba elfu 15, ikizidi 20. Na bibi wa Iramba anaelea mtoto kule mwisho halipwi na mtu. Sasa angalia watoto. Watoto wa Muscat wanalelewa na mamdogo, wa mamdogo analelewa na dada, wa dada analelewa na bibi kizee mwenye magoti mabovu. Nilishawahi kuichora hii kwenye daftari chuoni, mshale unatoka Iramba unakuja Tandika unaenda Muscat, huo ndo ulezi unavyopanda, na pesa inashuka njia hiyohiyo, kila inapofika inamegwa. Tulikua katikati ya ule mshale na sikujiona, nilichora ile picha kama vile inahusu watu wengine.

Mwezi wa pili 2018 bosi wa Muscat akaacha kumlipa mamdogo. Alimwambia nakutunzia, utapewa yote siku ya kuondoka, ukipewa sasa utatumia ovyo. Pesa ikaacha kuja. Mama akajikaza na genge miezi mitatu, ikafika mwezi wa tano akamuita dada jikoni, na mama yangu ni mwanamke wa swala tano, sijawahi kumuona kamdhulumu mtu hata kipimo cha dagaa, akamwambia kwa upole kabisa, nakutunzia mwanangu, nitakupa yote siku unaenda nyumbani, ukipewa sasa utatumia tu.

Nilikuwepo. Nilikua namenya vitunguu. Maneno yaleyale, na kwenye simu yangu mfukoni kuna voisi ya mamdogo analia kwa maneno hayohayo, na mimi sikushtuka.

Simu ya dada ilikua kabatini kwa mama kwa sababu mama alisema anachati sana kazi haziendi. Godoro lake linakunjwa alfajiri linawekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Siku ya kupumzika hakua nayo, hatukumnyima, hatukuwahi kuifikiria tu.

Mamdogo alianguka ngazini kule akaumia mgongo, ndo zile karatasi za hospitali, na bosi akasema mshahara wa miezi kumi umeishia kwenye matibabu na tiketi. Riyali 600. Akarudi na kile kibegi. Mwanae ana miaka sita, anamuita mama yangu mama, na yeye anamuita anti, "anti anakula chakula cha nani?" alituuliza hivo mbele yake. Wiki tatu za mwanzo hakua anaongea kabisa, anakaa, anakula kidogo, anaosha sahani yake mwenyewe haraka haraka kama kuna mtu anamuangalia.

Usiku mmoja nikasikia sauti jikoni, saa nane hivi. Nikaamka. Nikamkuta mamdogo kakaa chini sakafuni na dada yuko juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafua sare za mtoto wa mamdogo. Mamdogo anamuuliza polepole, unalala saa ngapi. Unaamka saa ngapi. Simu yako iko wapi. Unalipwa? Dada akasema "mama ananitunzia."

Mamdogo alinyanyuka. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, dada yake mkubwa ambae hajawahi kumpandishia sauti tangu azaliwe, akawasha taa, akasimama mlangoni akasema "dada, huyu mtoto wa watu mnamlipa lini?" Mama akadhani kapandisha homa. Akarudia. Mama alivyoelewa alikasirika sikuwahi kumuona vile, akasema unanifananisha mimi na mabosi zako? Huyu namlisha, namvisha, alipougua malaria nani kamuuguza? Mamdogo akasema "na mimi walinilisha, dada. Na mimi walinivisha."

Kimya. Halafu bibi kutoka chumba cha pili, haoni ila anasikia vizuri, "mpeni hela yake."

Ilikua miezi saba, 280,000. Asubuhi mama akatoa 70,000 ya mzigo wa genge, simu akairudisha, dada akasema anaomba aende kwao Krismasi, tukamsindikiza stendi. Hakurudi na hatukumlaumu. Zilibaki 210,000. Tulisema tutatuma mwezi ujao. Mama akaibiwa simu, namba ikapotea, 2020 bibi akafariki, na ule mwezi ujao haukufika.

Baadae nilivyopata kazi na kuanza kusoma haya mambo nikagundua kitu kilichoniuma zaidi. Oman sheria yao iliwaweka nje wafanyakazi wa ndani. Ya kwetu huku bara haijawaweka nje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu mtu wa ofisini, likizo siku 28 kwa mwaka, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Mshahara nao amri iliyoanza Januari 2023 ilipandisha ile 40,000 ikawa 60,000. Na ule mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa ndani, namba 189 wa ILO, shirika la kazi la Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Geneva Juni 2011, unasema mfanyakazi akae na hati zake mwenyewe, anaevuka mpaka apewe mkataba wa maandishi kabla hajavuka. Yani alichonyimwa mamdogo Muscat kwa sheria, dada alinyimwa Tandika bila sheria, na sisi, wala sio serikali wala kafili. Na mjumbe wetu alikua anakuja kunywa chai palepale jikoni, dada anamuwekea sukari.

Dar nzima tumetoka sehemu. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 humu, ukiuliza kwenye daladala nani babu yake kazikwa hapahapa mikono itakua michache sana. Na mtaa wetu kuchanga tunajua, harusi tuna kamati, msiba turubai linafungwa kabla maiti haijatoka hospitali, hata mtu akibomolewa ukuta na mvua tunapita na daftari. Ila binti akiondoka tunampa oda ya dhahabu, akirudi tunamuuliza meli. Ninachodai mimi ni lile daftari litembee na kwenye haya, na mjumbe anaepaswa kujua kila mgeni alielala kwenye nyumba zake amjue na dada alieko jikoni, jina lake kamili na kwao ni wapi na ndugu wa kupigiwa ni nani. Hiyo haihitaji bajeti. Watu wa serikali nao wana lao, wakala wao wa ajira TaESA yupo, mawakala waliosajiliwa wapo, lakini msichana wa Iramba anakutana na yule mama wa mgahawani kwanza kwa sababu yule mama anamfuata mpaka kijijini.

Na sisemi wasiende. Ukizuia watapita njia za panya na huko hata jina lake halitaandikwa popote.

Yule jirani alieuliza mambo ya meli ndo alikuja kumuokoa mamdogo, lazima nimtaje maana nilimchukia sana. Karibu mwaka umepita akaja jioni akakaa kwenye kigoda akasema mi najua hakuna meli, njoo tukae wote mezani kwangu, nusu ya meza weka vitu vyako. Akamuingiza kwenye kikoba chao bila hisa, wanawake 14 wakakubali, wakamkopesha laki moja na nusu bila riba. Mpaka leo mamdogo anauza pale, na mwanae anamuita mama, ilichukua miaka miwili. Sikuizi mabinti wakitaka kuondoka mtaani kwetu mama zao wanawaleta pale mezani kwanza. Mamdogo hawakatazi. Anawauliza maswali, na ustadhi anawasomea mkataba bure, na ofisi ya serikali ya mtaa walikubali kubaki na kopi kwenye faili.

Mwezi uliopita mama alikua anapanga makabati akakuta kitabu cha mahesabu cha genge cha 2018, nyuma kabisa kuna namba ya Iramba, ya bibi yake dada. Akaja nayo mkononi, hakusema kitu, akaniwekea mezani. Mama sasa ana miaka 50, anaumwa presha, na najua haikumtoka kichwani hata siku moja. Nikakaa nayo wiki mbili naona aibu. Jumapili nikiwa kwenye daladala nikapiga tu.

Akapokea mtoto wa kike. Nikauliza naongea na nani, akajitaja, nikajua ni yule wa mwaka na nusu, sasa ana miaka 11. Nikamwambia naomba kuongea na mama. Akasema mama hayupo, mama kaenda Oman, huu mwezi wa tatu.

Nikashuka kituo ambacho sio changu.

Nyumbani mamdogo akanipokonya simu akapiga mwenyewe. Shikamoo bibi. Mkataba wake mlisomewa? Kopi ya pasipoti mmebaki nayo? Alompeleka ni nani, ana ofisi? Huko yuko mji gani, kwa nani? Nilikua nasikia bibi anajibu sijui mwanangu, sijui, sijui mwanangu. Namba yake ya kule? Hiyo anayo, mjukuu kaiandika ukutani kwa mkaa, wakatusomea tarakimu moja moja, tukarudia mara mbili.

Ile 210,000 tumetuma na ya kutolea, mama ndo alibonyeza namba ya siri. Mama anataka kuongeza, bado tunazungumza ni kiasi gani, maana 210,000 ya 2018 sio ya leo. Halafu mamdogo akaihifadhi ile namba ya Oman, akanifukuza chumbani, nikamsikia anarekodi, dada, ni mimi wa Tandika, yule wa usiku ule jikoni, ukiweza kujibu jibu, ukiwa huwezi fungulia maji tu nitajua.

Leo Alhamisi. Bado ina tiki moja.